Gego la Maziwa Lina Kazi Hadi Gredi ya Sita

Msimu wa mahindi mabichi ukifika Trans Nzoia, majiko ya makaa hupangwa kando ya kila barabara inayoingia mjini Kitale. Watazame wanunuzi wanavyokula. Mzee wa miaka 80 na ushei haling'ati hindi lake. Hulipukuchua kwa kidole gumba, akatia punje chache chache kinywani na kuzisukuma kwa ulimi hadi kwenye magego. Meno yake ya mbele ya chini yalitolewa akiwa kijana. Enzi hizo Waluo waling'oa sita, Wamaasai mawili, na jamii kadhaa za Waluhya na Wakalenjin zilikuwa na desturi hiyo hiyo kwa hesabu tofauti. Wazee wenyewe hueleza kwamba pengo lilisaidia kumpitishia mgonjwa wa pepopunda uji, taya likiwa limekazana.

Kando yake yuko mtoto wa miaka mitano, meno yake ya mbele yote yapo. Yeye huling'ata hindi bila taabu. Shida huanza baadaye: punje zikishaingia, huzihamisha kutoka shavu hili hadi lile, huzifyonza, mwisho huzimeza nzima. Ukimfungua mdomo utakuta gego moja limebaki kisiki cheusi na mahali pa jingine pana ufizi mtupu. Mzee asiye na meno ya mbele anatafuna vizuri kuliko mtoto asiye na magego, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu. Pengo la mbele huwatia wasiwasi kwa sababu linaonekana kwenye picha. La nyuma halionekani, basi halihesabiwi.

Mtoto huwa na meno ya maziwa 20, ambayo kwa kawaida huanza kuota akiwa na umri wa miezi sita hivi na kukamilika akikaribia miaka mitatu. Manane ni ya mbele, manne ni chonge, na manane yaliyobaki ni magego, mawili kila upande, juu na chini. Nguvu ya kutafuna inatoka kwenye hayo manane ya mwisho. Ya mbele hukata, chonge hushika na kurarua, lakini kusaga ni kazi ya nyuma, na taya lenyewe limeumbwa hivyo: kadiri jino lilivyo karibu na maungio ya taya, mbele ya sikio, ndivyo misuli inavyoweza kulisukuma kwa nguvu zaidi.

Nguvu hiyo hupimwa. Mtoto huuma kifaa kidogo chenye kipima shinikizo, mara kadhaa, na namba kubwa kuliko zote ndiyo huandikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto zaidi ya 1,000 nchini Jordan ulipata wastani wa newtoni 176 kwa wadogo kabisa wenye meno ya maziwa, sawa na kubebesha jino uzito wa kilo 18 hivi. Wale ambao meno yao ya maziwa yalikaribia kuanza kung'oka walifika 240. Meno ya utotoni na ya ukubwani yalipochanganyika, wastani ulikuwa 289, kisha 433, na meno ya kudumu yalipokamilika ukawa 527, karibu kilo 54. Kwa hiyo kati ya shule ya chekechea na ujana, nguvu ya kung'ata huongezeka karibu mara tatu. Haiongezeki kwa sababu ya miaka peke yake. Misuli ya taya hukua kwa kutumika, na hutumika ipasavyo pale meno ya juu yanapokutana na ya chini.

Sasa ondoa gego moja mapema. Hasara ya kwanza, eneo la kusagia hupungua maradufu, maana gego la taya linalolikabili, hata likiwa zima, limekosa mwenzake wa kukutana naye. Ni kama posho mill iliyobaki na jiwe moja: injini inanguruma, mahindi yanatoka yalivyoingia. Ya pili haionekani kwa macho. Mzizi wa kila jino umezungukwa na nyuzi laini zenye mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo ndiyo huuarifu ubongo kwamba kilichoumwa ni kigumu au laini, ili misuli iongeze au ipunguze nguvu. Jino likitoka, taarifa hizo hutoka nalo. Ya tatu ni maumivu. Mtoto ambaye gego lake lilimuuma miezi mitatu kabla ya kung'olewa amejifunza kutolikanyagia, na mazoea hayo huendelea hata baada ya jino kutoka. Hula upande mmoja, na upande wa pili hudhoofika.

Mzazi anaweza kuhisi tofauti hiyo kwa vidole. Mketishe mtoto, weka vidole viwili juu ya kila kona ya taya, chini kidogo ya masikio, kisha mwambie aume meno kwa nguvu. Msuli utavimba chini ya vidole. Upande mmoja ukivimba vizuri na mwingine ukijitutumua kidogo tu, kuna sababu ya kuangalia ndani. Hicho si kipimo cha kitaalamu, wala hakimtoshi daktari, lakini kinamtosha mama kuamua kufunga safari.

Dalili nyingine hujitokeza mezani. Mtoto huchukua nusu saa kumaliza sahani ambayo ndugu yake ameimaliza kwa dakika kumi. Githeri humshinda, nyama huitema ikiwa imefyonzwa mchuzi wote, lakini uji na chai ya mkate hupita upesi. Huweka chakula shavuni na kusahau. Kila kitu hukisindikiza na maji. Watu wa nyumbani humwita mvivu wa kula, au wa kudeka, na mara nyingine humchapa kwa sababu hiyo. Kabla ya kumwita jina lolote, chukua tochi ya simu umwangalie kinywani.

Kauli inayoyaangamiza magego haya Bungoma na Kitale, na kwingineko Kenya, ni ile ya kwamba ni ya maziwa tu, yatang'oka. Ni kweli yatang'oka. Swali ni lini. Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka sita au saba. Gego la kwanza la maziwa hutoka kati ya miaka 9 na 11, na la pili kati ya 10 na 12. Kwa kalenda ya shule zetu, gego la pili lililoota mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni linatakiwa kumhudumia PP1, PP2, Gredi ya Kwanza, hadi afike Gredi ya Tano au ya Sita. Likitolewa akiwa na miaka mitano, pengo litakaa wazi miaka mitano au zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto anaendelea kurefuka na anahitaji kula chakula cha maana.

Ama tuseme litakaa wazi kama bahati ipo. Mara nyingi halikai. Mtoto akiwa na miaka sita hivi, gego la kudumu la kwanza huota nyuma kabisa ya magego ya maziwa. Halisubiri jino lolote litoke, haling'oi kitu, halimtoi mtoto damu, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kwamba limeota na hulihesabu kuwa ni la maziwa. Gego hilo huegemea la mbele yake. Likikuta pengo, husogea na kulijaza, na sehemu kubwa ya kusogea huko hutokea ndani ya miezi sita ya mwanzo. Jino la kudumu lililokuwa limekusudiwa mahali pale likija kutoka baada ya miaka minne, hukuta mlango umefungwa. Huota kwa ndani kuelekea ulimi, kwa nje kuelekea shavu, au hukwama ndani ya mfupa. Kijana mwenye meno yaliyopandana huenda alianza safari hiyo siku aliyong'olewa gego la utotoni ambalo lingeweza kuzibwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka mitano nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza. Gamba gumu la jino la maziwa ni jembamba, takriban nusu ya lile la jino la kudumu, kwa hiyo tundu linalochukua miaka kwa mtu mzima huweza kufika kwenye neva ya mtoto kwa miezi. Mzazi anayesema ataliangalia likizo ya Desemba anaweza kukuta hakuna tena cha kuziba.

Magharibi ya Kenya ina mitego yake. Bungoma ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Nzoia kilianza katika miaka ya 1970, na kutoka Bukembe kwenda vijijini mtoto anaweza kutafuna muwa asubuhi, adhuhuri na jioni bila mtu kuhesabu. Muwa wenyewe hauna ubaya wote, nyuzi zake zinayafanyisha meno kazi. Tatizo ni kushinda nao mdomoni, na kuumenya kwa meno yenye nyufa. Sukari nguru ni mbaya zaidi kwa sababu hunata kwenye mitaro ya magego na kukaa humo. Kisha kuna chai. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi, inayonywewa kidogo kidogo tangu saa kumi na mbili hadi mtoto anasinzia nayo, huharibu kuliko peremende moja iliyotafunwa ikaisha. Bakteria wa kinywani hutengeneza asidi kila sukari inapoingia, na asidi huendelea kula jino kwa nusu saa au zaidi baada ya hapo. Vikombe viwili vinavyonywewa na kumalizika wakati wa chakula vina nafuu kuliko kikombe kimoja cha mchana kutwa. Chupa ya mtoto ikiwa ya usiku, iwe na maji matupu.

Kuna upotevu mwingine wa meno ambao hauna uhusiano na sukari, na huu unastahili kusemwa bila kuzungusha maneno. Mtoto wa miezi minne hadi minane hupata homa na kuhara. Mtu humwangalia ufizi, akaona uvimbe mweupe mahali ambapo chonge zitaota, akatangaza kwamba hayo ni meno ya nailoni, au ya plastiki, au kama wasemavyo ng'ambo ya mpaka, ebiino. Hupasuliwa kwa kisu, kwa msumari, au kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, na kijijino kichanga ambacho hakijakomaa hutolewa na kuonyeshwa kwa mama: laini, cheupe, kweli kinafanana na plastiki. Jino lolote changa lingetolewa wakati huo lingefanana hivyo hivyo, kwa sababu halijapata madini ya kulifanya gumu.

Desturi hii imeripotiwa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Sudan. Tanzania habari za meno ya plastiki zilienea kwa kasi katika miaka ya 1980. Upande wa Uganda, hospitali ya Lacor mjini Gulu ililaza watoto zaidi ya 700 kati ya 1992 na 1998 kutokana na madhara ya kung'olewa ebiino, sumu ya vijidudu kwenye damu na upungufu wa damu, na takriban mmoja kati ya watano alikufa. Kutoka Bungoma hadi mpakani Lwakhakha au Chepkube si mbali, na imani hazikaguliwi kwenye forodha.

Mtoto anayepona hubaki na hasara kinywani. Chonge za maziwa hazipo. Jino la kudumu lililokuwa likijengeka chini yake huenda likajeruhiwa, likaota na madoa na mashimo, likaota mahali pasipo pake, au lisiote kabisa. Mara nyingine kisu huchukua na kijijino cha gego la jirani, hapo nguvu ya kutafuna inapungua kabla mtoto hajaonja ugali. Na kuhara kwenyewe kulikuwa na sababu yake. Umri huo ndio mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, anaanzishiwa uji ulioachwa wazi au maji yasiyochemshwa, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Dawa yake ni paketi za ORS, vidonge vya zinki, kuendelea kumnyonyesha, na kumkimbiza kituo cha afya akilegea, macho yakibonyea au akikataa kunyonya. Nyanya au shangazi akishauri vinginevyo, asigombezwe. Mara nyingi ndiye aliyekesha na mtoto. Aende naye kliniki, amsikie muuguzi kwa masikio yake, kwa sababu uamuzi wa kupeleka mtoto kwa mng'oa meno wa kienyeji mara nyingi haufanywi na mama peke yake.

Gego likiwa limetoboka lakini bado limesimama, mzazi hana sababu ya kukimbilia koleo. Bungoma kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Webuye ina hospitali yake, na Kitale ina hospitali ya kaunti pamoja na hospitali ya Wamalwa Kijana. Kabla ya kusafiri, uliza kama daktari wa meno yuko siku hiyo, au kama yuko afisa wa afya ya kinywa ya jamii, ambaye amefundishwa kusafisha, kuziba na kuchunguza watoto. Uliza pia ni huduma gani za meno zinazolipiwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kesi ngumu hupelekwa Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya udaktari wa meno katika mji huo.

Ukifika, sema wazi kwamba ungependa jino liokolewe ikiwezekana. Daktari aliyechoka, mwenye foleni hadi nje, akiambiwa na mzazi "toa tu", atatoa. Akiulizwa kama linazibika, atafikiri mara ya pili.

Njia zipo, na moja ina asili ya Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, mtaalamu Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakiwa Tanzania walianza kutibu meno vijijini pasipo umeme: sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine inayolia, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Leo njia hiyo, iitwayo ART, inafahamika duniani kote. Kwa watoto ina faida ya ziada, kwa kuwa mtoto asiyesikia mlio wa mashine hukaa kitini.

Pale tundu likiwa pana, gego la maziwa huweza kuvikwa kofia ya chuma. Haipendezi, inang'aa kama kijiko, na baadhi ya wazazi huikataa kwa hofu ya watu watasema nini. Lakini inakaa nyuma, inatafuna mahindi, na siku jino linapong'oka lenyewe, kofia hutoka nalo. Kuna pia dawa ya fedha na floraidi inayopakwa kwa brashi ndogo kusimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na ile saruji ya kuzibia na dawa ya meno yenye floraidi. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kabisa. Mzazi aambiwe mapema asije akadhani mtoto ameharibiwa. Neva ikiwa imeathirika lakini mizizi ni mizima, sehemu ya juu ya neva huweza kutolewa na jino likabaki.

Kuna wakati kung'oa ndiko sawa. Ufizi uliojaa usaha, shavu lililovimba, homa, jino lililobaki vipande, hayo hayasubiri, na uvimbe unaosambaa kuelekea jicho au shingo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Dawa ya kuua vijidudu peke yake itatuliza uvimbe wiki mbili, kisha utarudi.

Likishatoka, swali la kuuliza kabla ya kuondoka kitini ni hili: pengo litashikwa na nini? Kifaa cha kushika nafasi ni pete ya chuma kwenye jino la jirani, yenye waya unaozuia gego la nyuma lisisogee. Huhitajika zaidi pale gego la pili la maziwa linapotoka mapema. Hakihitajiki kwa meno ya mbele mara nyingi, wala pale ambapo picha ya eksirei inaonyesha jino la kudumu liko karibu kutokeza. Kifaa hicho hushika nafasi tu, hakitafuni. Mtoto aliyepoteza magego kadhaa huweza kutengenezewa meno madogo ya bandia ya kuvaa na kuvua. Watafiti wa Brazil walifuatilia kwa mwaka mmoja watoto waliopewa vifaa vya aina hiyo baada ya kupoteza meno mapema, na nguvu yao ya kung'ata iliongezeka. Huduma hiyo haipatikani kila hospitali, lakini mzazi asiyeuliza hawezi kuelekezwa Eldoret.

Nyumbani, kosa la kawaida baada ya mtoto kung'olewa ni kumrudisha kwenye uji moja kwa moja. Siku chache za mwanzo ni sawa, ufizi upone. Baada ya hapo msuli usiotumika hulegea, na mtoto aliyezoea vya kumiminika hukataa vingine. Mpe vyakula vinavyohitaji kazi kidogo, kisha zaidi: viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, maharagwe yaliyoiva sana, mayai, omena waliolainika, nyama iliyokatwakatwa ndogo kukingana na nyuzi zake. Ugali haumletei shida mtu, ila hautafunwi, humezwa. Githeri yake iive zaidi ya ya watu wazima, na mahindi yakobolewe. Kama upande uliotibiwa umepona, mkumbushe kwa upole ahamishie tonge huko pia.

Njugu zinahitaji tahadhari ya peke yake. Zile za kukaanga, zinazouzwa zimefungwa kwenye karatasi pale stendi ya Kanduyi, asipewe nzima mtoto wa chini ya miaka mitano, na asiye na magego asipewe hata akiwa mkubwa kidogo. Punje nzima isiyosagika huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Zisage, umpakie kwenye mkate au umtie kwenye mboga. Lishe ni ile ile.

Kupiga mswaki huanza siku jino la kwanza linapochomoza, mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndiyo isiyokosekana. Dawa ya meno iwe na floraidi. Ukigeuza kisanduku utafute namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kati ya mitatu na sita, punje ya njegere. Ateme, asisuuze kwa maji mengi. Na mtu mzima ndiye ashike mswaki hadi mtoto afike miaka saba au nane, kwa sababu mkono wa mtoto wa PP2 hauwezi kufika kwenye uso wa nyuma wa gego la mwisho, hata akijitahidi. Mzazi akae nyuma yake, kichwa cha mtoto kiegemee kifuani, shavu livutwe kwa kidole. Huko nyuma ndiko kwa kuanzia. Ya mbele yatapigwa tu. Na mtoto akitimiza miaka sita, kila mwezi mulika nyuma kabisa kuona kama lile gego jipya la kudumu limechomoza, kwa kuwa hilo likioza halina mrithi.

Ajali nazo hutoa meno: mpira shuleni, mwembe wa jirani, bodaboda. Jino la maziwa likidondoka zima lisirudishwe kwenye tundu lake, kwa sababu linaweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake. Bana ufizi kwa kitambaa safi hadi damu ikate, kisha mtoto apelekwe kuangaliwa kama kuna kipande kilichobaki. Likiwa ni la kudumu, mambo hugeuka. Lishike kwa upande unaong'atia, mzizi usiguswe. Lisuuze kidogo tu kama lina udongo, lirudishe mahali pake ikiwezekana na mtoto aume kitambaa kulishikilia. Ikishindikana, litumbukize kwenye kikombe cha maziwa baridi na ufike kwa daktari ndani ya saa moja, ukiwa umepiga simu njiani kuhakikisha yupo.